Kabureta Alizozipa Majina Yetu

Juzi mjini Kasulu nilimwona fundi ameweka mrija wa mpira sikioni, anasikiliza kabureta, na harufu ya petroli ikanirudisha uani kwetu.

Baba alikuwa akitengeneza gari la mashindano lenye kabureta mbili. Alizipa majina yetu sisi mapacha, Bukuru na Butoyi. Alisikiliza moja, kisha nyingine, akigusa skrubu taratibu ili zivute hewa sawasawa. Ndani ya nyumba, pacha wangu Butoyi alikuwa anakohoa, kifua kikilia kama filimbi.

"Mnyamazishe huyo mtoto, sizisikii," baba alimwambia mama.

Mama alimpeleka chumba cha nyuma, akafunga mlango. Baadaye kikohozi kilikoma.

Baba akatabasamu. "Sasa Bukuru na Butoyi wanapumua sawa."

Nilimwamini. Nikakimbia kumwita Butoyi tucheze, nikakuta mama ameshamfunika uso kwa shuka.