Wimbo wa Kusafishia Picha

Hadi leo nikiona mtu anasukuma mlango wa wenyewe, damu inanichemka. Hodi ni kuomba ruhusa, si kuingia!

Miaka ya sabini nilikuwa mpiga picha hapa Migwani, mwanamke peke yangu katika kazi hiyo, na kamera kuukuu ya sanduku la mbao. Filamu yake haikuwa ya kuviringisha. Ilikuwa kipande bapa kama kiganja, kipande kimoja picha moja. Chumba cha giza sikuwa nacho, na filamu ikiguswa na mwanga kabla haijaiva, picha inaungua. Nilisafishia picha kwenye ghala la mahindi, mlango nimeuziba kwa blanketi, filamu nimeilowesha ndani ya beseni la dawa. Saa haionekani gizani, kwa hivyo nilipima muda kwa kuimba wimbo wa kanisani, beti zote, polepole. Ukiisha, filamu imeiva.

Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alikuwa amekataa kupigwa picha maisha yake yote. Siku moja akakubali, ghafla tu. "Moja," akasema. "Usinirudie tena."

Basi mchana huo niko kwenye ubeti wa pili, filamu ya Susu iko kwenye beseni, nikamsikia mjomba wangu nje. Ni mwanawe Susu, mzee wa kanisa.

"Hodi! Kuna nini humo?"

Kwetu mlango haufungwi mchana wenyewe wakiwapo. Ukifungwa, na wimbo wa kanisani unasikika ndani, watu hujua kuna msiba.

"Mjomba, usifungue! Nakuomba!"

Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Yeye alisikia kilio. Akasukuma mlango, blanketi likaanguka, jua likamwagika mpaka ndani ya beseni. Naye amesimama pale, kofia mkononi, ameshaanza kuitikia wimbo.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nilimjibu maneno ambayo mzee wa kanisa haambiwi. Akaenda kunishtaki kwa Susu, eti sina adabu! Mimi! Nilipomsihi Susu tupige nyingine, akatikisa kichwa.

"Nilisema moja."

Susu alipofariki, mjomba alikuja kwangu, macho mekundu.

"Lete ile picha ya mama tuiweke juu ya jeneza."

Ile picha! Nilikwenda nikaitoa ile filamu, nyeusi kama masizi ya sufuria, nikamwekea mkononi. Akaiinua kwenye jua, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama yuko wapi?"

"Ulimfungulia mlango, Mjomba."