Njaa Niliyomsingizia Mtoto

Watu wakisikia njaa wanafikiria sufuria tupu. Ya sufuria tupu naijua, nimezaliwa Shinyanga, na ipo miaka mvua ilitunyima tukala tulichopata. Lakini njaa hiyo ukiipa chakula inaondoka. Mimi naisema ile inayokaa. Nimekula ugali nimemaliza, nimenawa, nimefuta midomo, na bado kuna kitu kinanirudisha jikoni kuangalia kama ukoko umebaki. Nimeichukia, nimeiombea, na mwaka mmoja nilijifunga kamba kiunoni kwa ushauri wa jirani asiyejua lolote. Nilichopata ni alama za kamba.

Ilinianza mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule ya kijiji, si mbali na Tinde, na nilikuwa mwaka wa tatu wa ndoa bila mtoto. Wanawake wenzangu waliitwa mama fulani na mama fulani. Mimi niliitwa Mwalimu, kwa heshima kabisa, na heshima ile ilinichoma kila nilipokwenda kisimani. Mume wangu alikuwa Geita akichimba dhahabu, kwenye mashimo ambayo wenyewe wanayaita maduara. Aliniacha na mama yake, wawili tu kwenye ua mpana.

Septemba alikuja akakaa siku nne. Alipoondoka alisema atarudi kabla ya mvua. Mvua zikanyesha, tukapanda, tukapalilia, na kila lori liliposimama barabarani niliacha kusahihisha madaftari nikachungulia dirishani. Likiondoka bila kumshusha, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa gauni nilikoweka karanga. Nilikula karanga mbele ya watoto arobaini nikiwa nimeugeukia ubao. Walinisikia nikitafuna, bila shaka.

Karanga zikaisha. Dukani hakukuwa na kitu siku zile, ukipata unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, umeshukuru. Nyumbani kilikuwepo kihenge cha mama mkwe, kirefu kunizidi, kimejaa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu tulivyokausha wakati wa kiangazi. Mdomo wake wa ubavuni ulikuwa umezibwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu. Pale kwetu anayezibua kihenge ni mama mwenye mji, kwa mkono wake, miezi ya njaa ikifika. Mke wa mwana hathubutu. Hata mume wangu asingethubutu.

Mimi nilithubutu. Ilikuwa saa nane mchana, mama mkwe yuko shambani. Nilitoboa tundu la kupitisha mkono, nikatoa matobolwa, nikakaa chini palepale nikayatafuna makavu mpaka taya zikauma. Sikuwa na njaa ya tumboni, nilikuwa nimetoka kula. Asubuhi ile dereva mmoja alikuwa ameniambia kwamba wachimbaji wengine wa kijiji chetu walikuwa wameshapita kurudi makwao. Kisha nikatafuta mavi mabichi zizini nikaziba tundu. Nilirudia kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku niliapa kwamba ni ya mwisho, na kila siku nilijiona mpumbavu kuliko jana.

Wiki ya tatu, Novemba ikielekea mwisho, mama mkwe aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya kihenge, kidole chake kwenye kiraka changu kilichokuwa bado kina unyevu, alama za vidole vyangu zikionekana zote.

"Mwalimu, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu, mayu." Ndivyo nilivyomwita, mama, kwa Kisukuma.

Nilisubiri anifukuze. Niliona kabisa nikifunga nguo zangu kwenye kanga na kurudi kwa baba, mgumba na mwizi kwa pamoja. Badala yake aliniangalia tumbo, ambalo kwa michembe yote ile lilikuwa limeshatuna, akahesabu kitu kwa vidole, akaanza kucheka.

"Mwenye akili zake hazibui kihenge cha mama mkwe," alisema. "Huyo ni mtoto anakutuma. Kwa nini hukuniambia?"

Nilipaswa kusema palepale. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikusema, na jibu ninalolipata halinipendezi. Pale nyumbani mjamzito hashtakiwi kwa chakula. Jioni ileile alinipakulia ugali mara mbili, na mlenda, na maziwa mgando kwenye kibuyu changu peke yangu. Alinishika bega nikila. Tangu niolewe hakuna aliyekuwa amenishika bega. Nikanyamaza, nikala. Na nikawaza jambo jingine la aibu zaidi: habari ikifika Geita, mume wangu atakuja.

Basi nikaanza kazi ya kuulinda uongo, nayo si kazi ndogo. Nguo zangu za mwezi nilizifua shuleni, nikazianika ndani ya stoo ya majembe. Nilijifunza kushika kiuno nikiinuka. Wanawake kisimani walianza kunipisha nichote kwanza, nikawachukia kwa wema wao. Na njaa, ambayo nilidhani itatulia ikiruhusiwa, iliongezeka. Nilikula michembe iliyopikwa na karanga, nikala ugali wa mtama, nikala viporo asubuhi kabla ya uji. Nilishiba mpaka nikashindwa kuinama kufunga viatu, na bado nilikuwa natafuta. Ningekuwa na mtu wa kumgombeza ningemgombeza. Nilikuwa na tumbo langu tu, na lenyewe halisikii.

Mama mkwe alituma habari Geita kwa jirani aliyekuwa anakwenda huko. Nilihesabu siku za kwenda na za kurudi. Januari ikapita. Mwezi wa pili mwanzoni jirani alirudi, akapiga hodi mchana mimi nikiwa peke yangu, akanikabidhi kifurushi cha sukari, kama kilo moja hivi. Mwaka ule sukari ilikuwa kitu cha kufunga kabatini.

"Bwana anakusalimia sana," alisema. "Amefurahi. Anasema hawezi kuacha duara sasa, wamekaribia mwamba. Hii ni ya uji wako."

"Hakusema anakuja lini?"

"Amesema wamekaribia mwamba, Mwalimu."

Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka njiani kama inavyotakiwa. Nikarudi, nikafunga mlango, nikafungua kifurushi nikiwa bado nimesimama. Nilianza kwa kijiko. Baadaye nikatupa kijiko nikatumia kiganja. Sukari ilinikereza ulimi, ikanikaba kooni, nikanywa maji nikaendelea. Nilikuwa nalia, na sikuacha kula ili nilie vizuri. Mama mkwe aliporudi na kuni kichwani alinikuta nimekaa sakafuni, karatasi imebaki na chembechembe, na mimi nikizilamba.

Alitua kuni. Aliiangalia karatasi, kisha akatabasamu.

"Mtoto huyu anapenda tamu," alisema. "Atakuwa msichana."

Sijui kwa nini ni hilo lililonishinda. Angenitukana ningevumilia. Lakini kila nilichokuwa nacho, hasira, upweke, aibu, alikuwa anakichukua na kumpa mtu ambaye hayupo.

"Hakuna mtoto, mayu," nilisema. "Hajawahi kuwepo. Ni mimi tu ninayekula."

Alikaa juu ya kigogo cha mlangoni. Akaanza kutoa vipande vya magome vilivyonasa kwenye kanga yake, kimoja kimoja. Nilitamani apige kelele majirani waje, yaishe.

"Hata Novemba hakuwepo?"

"Hata Novemba."

"Sasa chakula chote kile," aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "ulikuwa unakula kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mwanao," nikasema, na hasira yangu yote ikamwangukia mtu asiyehusika. "Haji. Namsubiri na haji. Nikiacha kula nitafanya nini?"

Mama mkwe aliinuka, akaanza kupanga kuni ukutani. Alizipanga zote, ndipo akanijibu bila kugeuka.

"Huyo ni mwanangu mimi," alisema. "Na kwangu pia haji. Mimi nimekula nini?"

Tangu Novemba nilikuwa nimekaa naye jikoni kila jioni, magoti yetu yakikaribia kugusana, na nilijaribu kukumbuka siku hata moja niliyomwona akinawa mikono ili ale. Sikuikumbuka.