Pete ya Ami Laroussi

Siku ya kwanza kumwona Ami Laroussi, alikuwa anazungushia kidole chake utepe mweusi wa umeme. Yeye alikuwa fundi wa umeme wa magari; mimi nilikuwa nimehamia karakana ya jirani, pale mjini Sfax, kunyoosha bodi za magari. Dereva mmoja akamtania, "Umejikata, mzee?"

"Sijajikata. Nina mke."

Mkewe, Mbarka, alikuwa amekwisha kufa. Chini ya utepe kulikuwa na pete ya fedha ambayo Mbarka alimvisha. Laroussi hakuwaruhusu wateja kushika injini wakiwa na pete kidoleni. Umeme wa betri ukipata njia kwenye pete, huipasha moto ikawa nyekundu kama kaa la moto. Yeye mwenyewe alitegemea utepe.

Msimu wa zeituni, lori lililojaa magunia likakataa kuwaka. Laroussi akaingiza mkono kupima starta, betri ikiwa imeungwa, maana bila umeme hakuna cha kupima. Utepe ulikuwa umelowa dizeli, ukateleza. Pete ikagusa nati ya waya mkubwa wa betri na chuma cha injini kwa pamoja. Nilisikia mlio mfupi, kisha harufu ya nyama.

"Vua, mzee, vua!" dereva wa lori akapiga kelele.

Pete haikutoka. Tulimwagia maji, kidole kikazidi kuvimba, ncha ikaanza kuwa nyeusi.

"Kidole kitakufa, Ami," nikamwambia. "Niikate pete?"

"Hii alinivisha Mbarka."

"Najua."

Dereva akaropoka, "Huyo Mbarka angekuwepo angekutukana!"

"Mimi angenitukana. Wewe angekuchapa." Laroussi akaninyooshea mkono. "Kata upande wa kiganja. Juu kuna jina lake."

Nikapenyeza kibati chembamba chini ya pete, nikakata taratibu kwa msumeno wa chuma. Pete ilipoachia, Laroussi akaifunga kwenye leso, akaenda hospitali kwa miguu. Kidole kilipona, ila hakikukunjika tena. Akarudi kazini bila pete wala utepe.

Alipozeeka akahamia Gafsa kwa binti yake. Asubuhi ya safari alipita kuniaga, akanikuta nimeinama nafungua betri. Yeye alikuwa anautazama mkono wangu.

"Wewe huna hata mke, Sadok. Hiyo saa unamvalia nani? Vua."