Maji ya Kisanduku cha Adalbert

Kimiminika hakikuwa kingi. Kingejaza kijiko cha chai, basi. Lakini sasa kilikuwa kimetandaa juu ya meza ya Sikuli, kikafuata ufa wa ubao hadi ukingoni na kuanza kudondoka kwenye mchanga mweusi wa lava. Sikuli alibaki amekishika kichupa cha chuma kilichokuwa kimekibeba, kichupa kisichozidi kidole gumba, kizibo chake kimelegea. Alikiinamisha sikioni, akakitikisa. Hakikutoa sauti yoyote.

Kisha akatazama kigoda kilichokuwa upande wa pili wa meza. Kilikuwa kitupu, na hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Mwaka ule wa 1957, mtu wa Goma aliyekuwa na redio hakuiacha kwa fundi hivi hivi. Ilijulikana kwamba mafundi wengine hutoa kifaa kizima wakaweka kilichochoka, na mwenye mali hagundui mpaka redio izimike tena baada ya mwezi. Sikuli alipofungua kazi yake kwenye baraza nyuma ya gereji, alichonga kigoda, akakiweka mbele ya meza, akatangaza: hakuna kitu kitakachofunguliwa hapa mwenyewe akiwa hayupo. Mteja aliketi, macho mezani, mpaka kifuniko kirudi. Wengine walikuja na mihogo ya kuchoma wakala huku wakilinda. Sikuli hakuwa fundi mwepesi wa mkono kuliko wote, wala hakuwa wa bei nafuu. Watu wa mtaa wa Murara walimletea redio zao kwa sababu ya kigoda.

Alikuwa mzaliwa wa upande wa Butembo, mrefu, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kufuta mikono hata ikiwa safi. Ufundi aliuokota Rumangabo, kwenye kituo cha mbuga, alikoajiriwa kubeba redio ya mawasiliano milimani na akaishia kuwa yeye anayeifungua inaponyamaza. Goma alikuja kwa sababu gereji ilikuwa na mashine ya umeme, na fundi wa redio bila umeme ni mshona nguo bila sindano.

Kisanduku kilichokuwa wazi mbele yake Jumamosi ile asubuhi kilikuwa cha Adalbert, mpiga gitaa kutoka Bukavu. Adalbert alikuwa ameshuka melini jana yake pamoja na wenzake, wamealikwa kupiga kwenye harusi. Kisanduku kilitoka ng'ambo. Unachomeka gitaa upande mmoja, ampli ya kukuza sauti upande wa pili, na noti inayotoka huja ikitetemeka, inapanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Wanawake wa Bukavu, ilisemekana, walikuwa wakiacha kucheza ili wasikilize. Safarini gurudumu dogo la mpira lililokuwa ndani yake lilikatika.

"Ni kazi ndogo," Sikuli alikuwa amesema jana. "Lakini keti kwanza, Papa Adalbert."

"Leo siweze kuketi. Tuko na répétition ya nyimbo za harusi, na kesho asubuhi niko kwenye misa na bwana harusi. Nitakuja misa ikiisha, ufungue mbele yangu, halafu niende kupiga." Hapo akatoa mfukoni chupa ya rangi nyekundu ya kucha, akapaka mstari mwembamba juu ya kila skurubu, kutoka kichwani mwake hadi kwenye kifuniko. Skurubu ikizungushwa, mstari unakatika. "Usikasirike, Papa. Si wewe. Ni batu bengine."

"Sikasirike. Ningekuwa wewe, ningepaka mbili."

Wakacheka wote wawili. Na asubuhi, kabla kengele ya kanisa haijalia, Sikuli alizizungusha zile skurubu.

Hakutaka kuiba. Alitaka kujua. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na kisanduku kingine, alichokiunda mwenyewe kwa majira mawili ya mvua, akitumia vifaa vya redio zilizokufa. Ndani yake kulikuwa na lampe, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio, na kondensa, vifaa vinavyoshika umeme kidogo kisha kuuachia, zilizounganishwa kwa mnyororo, moja ikiipasia nyingine umeme hadi lampe ianze kupiga mapigo yenyewe. Kwanza alitumia kondensa za karatasi na nta, zikavuta unyevu, mapigo yakachoka. Akabadilisha, akaweka za mafuta zilizozibwa ndani ya bati, kutoka kwenye redio ya zamani ya jeshi, mapigo yakatulia. Kisanduku chake kilitetemesha sauti vizuri kabisa. Ila kwa kila pigo kiligonga: tak, tak, tak, kama mtu anayebisha mlango wakati wa sala. Kisanduku cha Adalbert hakikugonga, na Sikuli hakuweza kuvumilia kutojua kwa nini.

Sasa alijua. Ndani hamkuwa na lampe wala kondensa hata moja. Kulikuwa na mota ndogo, gurudumu, na hicho kichupa. Mota inakitikisa kichupa, kimiminika kinapiga huku na huku, na kila kinapogusa msumari mwembamba ulio ndani, sehemu ya sauti inatoroka kwenye waya wa ardhi kupitia humo. Kikiuacha, sauti inarudi. Hakuna kinachogonga, kwa kuwa maji hayajui kubisha. Sikuli alikuwa amekizungusha kizibo kidogo tu, aone msumari umekaaje.

Akashika kazi. Gurudumu alilitengeneza kwanza kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, maana hilo aliliweza. Kisha akachota maji ya mvua kwenye ndoo aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akayachuja kwa kitambaa mara tatu. Hivyo ndivyo walivyofanya pale gerejini kwa betri zote za malori: maji ya mvua, safi, hayana kitu. Kwa chochote chenye umeme, Goma nzima ilitumia maji ya mvua. Akajaza, akaziba, akachomeka gitaa lake kuukuu lililobandikwa kipaza cha simu.

Mota ikazunguka. Kichupa kikatikisika. Noti ikatoka imenyooka kama waya.

Akamwaga, akachuja tena, akajaza tena. Imenyooka.

Paulin, fundi makanika wa gereji na mwenye funguo za mashine ya umeme, akachungulia akipangusa grisi. "Eh, Sikuli! Nani ameketi kwa kigoda? Sione mutu."

Paulin akaona meza, akaona mstari mwekundu uliokatika, akashusha sauti. "Yesu wangu. Ya yule wa Bukavu?"

"Maji yake yalimwagika. Ya mvua hayafanye kitu."

"Weka asidi ya betri."

"Itakula msumari."

"Basi fanya haraka. Leo ni samedi, kazi ni nusu siku, saa sita ninazima mashine, na hao wa harusi watapita hapa hapa." Akasita. "Na usiniite niwe shahidi. Mimi sikuone kitu."

Kengele ya kanisa ikalia. Misa imeanza.

Sikuli akaomba chumvi kwa mama aliyekuwa akiuza chakula kando ya barabara, akaikoroga ndani ya maji ya mvua, akajaribu. Sasa kulikuwa na kitu, lakini si mtetemo. Sauti ilikatwa kabisa, ikarudi, ikakatwa, kama mtu anayefunga na kufungua dirisha kwa hasira. Akapunguza chumvi. Dirisha likaendelea kufungwa. Akapunguza tena kwa haraka, akamwaga nusu. Maji ya mvua yakaisha ndooni. Kiangazi kilikuwa kimekausha mapipa ya Murara yote, na hilo lilikuwa tone la mwisho.

Ndipo Kanyere, mkewe, akaingia na chungu cha maharagwe kichwani, uso umekunjamana tayari.

"Ulibeba ndoo yangu ya mwisho, baba ya batoto. Nimepika na maji ya lac, ya mule ziwani. Usininunie, maharagwe hayakuiva muzuri. Na ona chungu yangu! Maji ile inaacha sawa chokaa. Sabuni yenyewe inakataa kutoa povu mule."

Alitua chungu mezani. Kuzunguka mdomo wa chungu, pale maji yalipochemka na kukauka, palikuwa na utando mweupe. Sikuli aliukwangua kwa ukucha, akauweka ulimini: haukuwa mkali kama chumvi, wala haukuwa bure kama mvua.

"Umekuwa mbuzi sasa?" Kanyere akauliza.

"Iko mengine? Maji ya lac?"

"Kwa nyumba, bidoni nzima. Kwa nini?"

"Kimbia ulete. Tafazali, mama. Kimbia."

Kanyere alikuwa na mengi ya kusema, lakini alimtazama mumewe usoni akayaacha yote. Alirudi akihema, bidoni ya maji begani. Sikuli akajaza kichupa tone kwa tone, akaziba, akapiga kamba.

Noti ilipanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Hapakuwa na dirisha wala mlango. Kanyere akasogea karibu. "Sasa hiyo ni nini?"

Kengele ilikuwa ikilia tena, misa imekwisha. Akarudisha kifuniko, akakaza skurubu moja moja, akizirudisha nyuma na mbele kwa upana wa unywele, mpaka kila mstari mwekundu ukaungana tena. Kilichobaki kilikuwa kueleza gurudumu jipya. Angesema alilipitisha kwenye tundu la chini. Uongo huo ulikuja tayari umekamilika, na hilo lilimtia hofu kuliko kichupa kikavu.

Adalbert aliingia na suti nyeupe, nyuma yake wapigaji wenzake wawili, mmoja amebeba ampli yao, na madereva waliokuwa wakingoja malori yao gerejini. Akaketi kwenye kigoda. Akainamia skurubu, akazikagua zote.

"Rangi yangu iko sawa," alisema. "Haya, fungua."

"Jaribu kwanza," alisema Sikuli.

Adalbert akashangaa, lakini akachomeka gitaa lake. Akapiga noti moja, ndefu. Ikatetemeka, na madereva wakaguna kwa raha. Akapiga tena. Akainua kichwa taratibu.

"Rangi ni yangu. Sauti si yangu. Yangu inatetemeka juu juu. Hii inashuka chini, sawa mutu anayelia. Umetoa nini mule, Papa Sikuli?"

Madereva wakaacha kuguna. Mmoja akasema, "Na yeye iko na kisanduku chake, ile pale kwa rafu. Miye niliisikia juma lililopita."

"Ah bon?" Adalbert akasimama. "Sasa nimeelewa. Kitu yangu tamu imehamia kwako."

Kanyere akafungua mdomo. Sikuli akamzuia kwa kiganja. Alichukua bisibisi, akafungua kisanduku cha Adalbert, na mistari myekundu ikakatika mbele ya watu wote. Kisha akateremsha kisanduku chake mwenyewe, akakifungua pia, akaviweka sambamba, vifuniko chini.

"Njooni karibu. Wote," alisema. "Hii yangu: lampe, kondensa, risasi nyingi ya kuunga nyaya. Hii yako: mota, gurudumu, kichupa. Nioneshe kitu kimoja cha huku kinachoweza kukaa kule. Kimoja tu."

Adalbert akainama. Aliangalia kwa muda mrefu, kidole chake kikitoka kisanduku hiki kwenda kile, kutoka kwenye chupa za kioo hadi kwenye mota. Mtu wa ampli naye akainama, akatikisa kichwa. Hapakuwa na kifaa hata kimoja kilichofanana.

"Na kichupa iko na nini?" Adalbert akauliza.

"Maji ya lac."

"Ya nini?"

"Ya lac. Ya kwako yalimwagika hapa. Nilifungua asubuhi, peke yangu, kabla ya misa. Kisanduku yangu inagonga, nilitaka kujua kwa nini yako haigonge. Halafu nikarudisha rangi yako sawa ilivyokuwa, usione."

Nje, gari la harusi lilipiga honi, likapiga tena.

"Ungeniomba," Adalbert alisema, "ningeketi hapa mpaka jioni. Nami nilitaka kujua."

"Najua."

"Tatizo si maji. Ni rangi."

"Najua, Papa."

Adalbert akafunga kisanduku mwenyewe, akakibana kwapani. Mlangoni akageuka, akawaambia madereva, si Sikuli: "Hakuiba. Lakini alifungua."

Maneno hayo yalizunguka Murara kabla mashine ya gereji haijazimwa. Wengine walichukua nusu ya kwanza, wakaendelea kuleta redio zao. Wengine walichukua nusu ya pili, nao Sikuli akawa anawaona wakipita barabarani na redio kichwani, wakielekea kwa fundi mwingine, macho mbele. Hakumwita yeyote. Kisanduku chake kiliendelea kugonga. Hakukigusa kwa muda mrefu.

Mvua ziliporudi, meli ya Bukavu ilimleta Adalbert. Alikuta baraza lina wateja wachache, kigoda kipo palepale. Akakivuta karibu na meza kuliko kilivyokuwa, mpaka magoti yake yakagusa ubao, akaketi, akaweka kisanduku chini ya pua yake mwenyewe.

"Maji imekauka," alisema. Kisha akatoa kwenye koti chupa ya limonadi iliyojaa, iliyozibwa kwa kitambaa. "Ya lac, lakini ya upande wetu. Nimeichota mimi. Utajaza paka na hii tu, nikiona."

"Yalipiga vizuri kwa harusi?"

"Bibi harusi alilia." Adalbert akasukuma chupa mbele. "Fungua, Papa Sikuli. Na ile yako inayogonga, ishushe pia. Leo siko na misa."