Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mke wangu hakupenda kitu cha umeme kikae uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, friji ilikuwa na chake, na televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa, ilivaa kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye maua pembeni. Alikifuma Tanga kabla hatujaoana, akaja nacho Toronto ndani ya sanduku la nguo. Tuliponunua televisheni bapa, kitambaa kikakosa pa kukaa. Alikizungusha nyumba nzima mkononi, mwisho akakitandika juu ya kompyuta ya mdogo wake.

Huyo mdogo wake ndiye shemeji yangu. Aliishi nasi mtaa wa Parkdale, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, na kompyuta yake ya gemu ilikaa sebuleni kwa sababu chumbani kwake haikuenea. Ilikuwa kasha jeusi, refu kama madebe mawili yaliyopandanishwa, lenye taa nyekundu ndani na matundu ya kutolea joto juu. Aliiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Dada yake alipoivika kitambaa alilalamika kidogo.

"Kina matundu," dada mtu akamwambia. "Itapumua."

Na kweli ilipumua, miaka yote aliyokuwa hai.

Shemeji aliniita mwizi, kwa kuwa nilimwibia dada. Mimi nilimwita kupe. Kwetu mashemeji hutaniana, na mke wangu alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anasikia. Alipofariki tuliendelea kuitana vilevile, lakini utani ulikuwa umetoka ndani ya maneno yale. Shemeji alitaka mwili urudishwe Tanga. Mimi nilimzika huku, kesho yake, kama dini inavyotaka. Ilikuwa Januari.

"Umemzika kwenye friji, mwizi," aliniambia tulipokuwa tunatoka makaburini. Tangu siku hiyo hatukula pamoja.

Baridi iliyofuata kompyuta ikaanza kuzima. Ilizima katikati ya gemu tu. Akisoma habari au akitazama mpira haikuwa na neno. Akianza vita vyake, feni zilipandisha sauti kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, halafu ghafla kimya, skrini nyeusi.

"Ni joto," alisema. "Inajizima isije ikaungua." Kisha akanigeukia. "Ni udi wako huo."

Kila Ijumaa nilifukiza udi sebuleni kama mke wangu alivyokuwa akifanya. Nikamjibu kwamba udi ule ulifukizwa humo miaka na kompyuta yake ikicheza. Nikamwonyesha chuma cha kupashia nyumba joto, chini ya dirisha, mahali alipoiweka mwenyewe. Mwenye nyumba alikiwasha mpaka tunalala madirisha wazi na nje kuna theluji.

"Umeiweka jikoni, kupe, halafu unauliza kwa nini inaiva."

Akaivuta mpaka ukuta wa pili, akiburuza kwa makusudi juu ya sakafu niliyotoka kupiga deki. Mimi nikaacha udi, nisisikie tena maneno yake. Ikazima.

Akafungua ubavu wa kasha, akapuliza ndani kwa kopo la hewa. Vumbi lote likatua kwenye mswala wangu.

"Huoni nilipoutandika?"

"Vumbi la kwako hilo. Si nyumba yako?"

Akazizungusha feni kwa kidole, moja moja, kuona kama kuna iliyokwama. Hakuna. Akang'oa ile kubwa iliyokaa juu ya ubongo wa mashine, akanionyesha dawa ya kupitisha joto iliyopakwa katikati, imekauka kama chaki. Aliikwangua, akapaka mpya. Jioni ile alicheza huku ubavu uko wazi na mashine haikuzima. Kesho yake akaufunga, ikazima. Alipiga meza kwa ngumi hadi kikombe changu kikaanguka, na hakukiokota.

Kila alipomaliza kuhangaika nayo, mmoja wetu alikirudisha kitambaa mahali pake. Mara mimi, mara yeye. Hatukulizungumzia.

"Nahama," alisema hatimaye. "Joto la nyumba hii limenishinda. Mwisho wa mwezi nachukua mashine yangu naondoka."

Ndani nilifurahi, sina haja ya kudanganya. Nilitaka aondoke na vita vyake na macho yake yaliyofanana na ya dada yake. Kitambaa kingebaki kwangu.

Jumamosi moja alikuwa anacheza, nami nimesimama nyuma ya kasha. Kila Jumamosi mke wangu alikuwa akikiondoa kitambaa kile, anakifua, anakitia wanga ili kisimame. Nikakiinua kukitazama. Kwenye pembe ya skrini kulikuwa na namba ya joto, aliiweka hapo apate kuichunga. Ikaanza kushuka. Feni zikapunguza sauti. Yeye alikuwa anaua watu, hakuona. Nikakirudisha, namba ikapanda.

Nikakipeleka dirishani. Matundu hayakuwapo. Vumbi lilikuwa limeshikana na wanga wa zamani, kitambaa kimekuwa kama kadibodi. Kilikuwa hakijafuliwa tangu alipokifua mke wangu. Sikuwa nimesahau kukifua. Sikutaka maji yangu yapite mahali palipopita mikono yake.

Ningenyamaza angehama. Nilisimama pale nikilijua hilo vizuri. Lakini nilimwona akiikunjia uso ile namba, akitafuta kosa lisilokuwa lake, nikashindwa.

"Shemeji," nikasema, "ni kitambaa."

"Kitambaa gani? Kina matundu."

"Njoo ukione."

Hakuamini mpaka alipokitandika kwa mkono wake. Namba ikapanda hadi tisini na kitu, skrini ikawa nyeusi. Akaiwasha tena bila kitambaa. Ikacheza. Akacheka kicheko kibaya.

"Kumbe miezi yote unaiziba pua."

"Na wewe ulikuwa unakirudisha."

"Kifue basi."

"Hakifuliwi."

"Unatunza uchafu?"

"Mtu wa mwisho kukifua ni yeye."

"Na yeye nani alimwosha?" Sauti yake ilipanda. "Wanawake wa msikitini wasiojua hata jina la mama yake! Hilo hukuliona zito. Kitambaa ndicho kinakuuma?" Akakinyakua. "Nakipeleka chini, nakitia kwenye mashine ya kufulia pamoja na soksi zangu."

Nilimpokonya mlangoni. Tulivutana kama watoto mpaka nikasikia uzi mmoja umekatika, tukaachia wote wawili. Niliinama nikakiokota.

Nilikifua mwenyewe, kwenye beseni, kwa sabuni ya mche. Maji yakawa meusi. Niliyatazama kabla ya kuyamwaga, sijui nilitegemea nini. Lilikuwa vumbi tu.

Ikaja kazi ya kukisimamisha.

"Alikuwa anatia sukari," shemeji alisema kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuka.

"Wanga. Sukari ingeleta mende."

"Wanga wa nini? Mchele? Muhogo?"

Sikujua.

"Miaka yote umelala naye, mwizi, hujui alikuwa anatia nini."

"Na wewe je? Ulikuwa umekaa papo hapo."

Hatukumjua mtu wa kumuuliza. Mama yao alikwisha kufa.

Hakuhama. Mashine ilikuwa imepona, hakuwa tena na sababu. Jioni ile akaanza vita vyake, kasha likiwa kichwa wazi, feni zikivuma polepole. Mimi nilikaa kwenye kochi na kitambaa mapajani, kina unyevu, kimelegea kama nguo yoyote ile, nikiitazama ile namba pembeni mwa skrini, nikiomba ipande, nikiomba izime.

Haikuzima.