Fidla ya Lakhdar Ukutani

Zulikha aliporudi Konstantina kutoka kwa dada yake, alikuta rafu ya sebuleni imepangwa vyungu vya maua. Sahani za santuri za marehemu mumewe, Lakhdar, hazikuwepo hata moja.

"Nimempa Ramdani, anafungua mkahawa," alisema Fawzi, mwanawe, akimnyooshea simu. "Nyimbo zote zimo humu, Mama. Unagusa tu, inaimba. Vumbi la nini?"

Zulikha alimtazama kama mtu anayemtazama mwizi. Lakini mwizi huyo ni mwanawe wa pekee, basi akameza hasira, akaipokea simu. Akawa anasikiliza huku akikanda mkate, karibu kila mara wimbo uleule: maluf, muziki wa jadi wa Konstantina, ambao Lakhdar aliupigia fidla, mara yake pekee kuingia studio.

Ijumaa moja akaugusa, kimya. Jina limefifia kwenye kioo cha simu.

"Fawzi! Umekwenda wapi wimbo?"

"Wenyewe wameuondoa, Mama. Huwa inatokea."

"Wenyewe nani? Baba yako alipiga kwa mkono wake!"

"Sisi tunalipia kusikiliza tu. Si mali yetu."

"Kumbe! Umechukua changu, ukaniletea cha kuazima?"

Akajitanda mlaya, baibui lake jeusi la kwao, akatoka. Fawzi akamfuata, anabembeleza.

Mkahawani kwa Ramdani, Zulikha alisimama mlangoni. Sahani zimepigiliwa misumari ukuta mzima. Nyingine zimepashwa moto na kukunjwa mabakuli, zimewekwa karanga. Na ile ya Lakhdar, yenye karatasi ya kijani katikati, imegeuzwa saa.

"Karibu, Hajjati!" alisema Ramdani. "Umeona zilivyopendeza?"

"Zimependeza? Ngozi ya babako ningeiwamba hapa ukutani, ingependeza?"

Wateja wakaacha vikombe. Zulikha akavuta kiti, akapanda, akaanza kung'oa. Ramdani akapiga kelele kwamba alipewa, hakuiba.

"Aliyekupa hakuwa na cha kutoa! Fawzi, umesimama kama nguzo? Pokea!"

Fawzi akapokea, uso umemwiva kwa aibu. Mzee mmoja akainuka, akamshikia Zulikha kiti. Ramdani kuona hivyo, akashusha saa mwenyewe, akaing'oa mishale.

Jioni, Zulikha aliishusha mashine ya santuri kutoka juu ya kabati, akaweka sahani ya Lakhdar. Tundu lake lilikuwa limepanuliwa kwa keekee ilipogeuzwa saa, kwa hiyo ilizunguka upandeupande, na fidla ya Lakhdar ikapanda na kushuka pasipopaswa.

"Inaimba, Mama," Fawzi alisema kwa sauti ndogo.

"Haiimbi. Inayumba kama mlevi. Baba yako hakuwahi kukosea hapo."

Akaisikiliza hadi mwisho, mikono imekunjwa kifuani, macho makavu. Kisha akasimama, akaviondoa rafuni vile vyungu vya maua kimoja kimoja, akavipanga juu ya kitanda cha Fawzi.