Vipande vya Mzee Kona

Alipobandikwa jina la Mzee Kona, hakuwa mzee bado. Alikuwa fundi seremala ambaye kabati lake halikutoka karakanani kabla hajakagua kila kona, hata zile zisizoonwa na yeyote ila mende. Wateja walisubiri, wakanung'unika, wakalipa.

Kisha ushuru wa samani za nje ukafutwa. Redio ilitangaza kwamba soko sasa liko wazi kwa wote, na haikusema uongo: makabati ya nje yakaingia, ya Mzee Kona yakabaki palepale. Yalikuja yamelazwa kwenye maboksi, kwa nusu ya bei yake, yametengenezwa kwa maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Maisha yake yote alikuwa akiyafagia maranda. Hakudhani yangerudi kumpokonya kazi.

Tajiri wa duka la samani, kijana mwenye adabu zake, akamwajiri kuyaunganisha majumbani kwa wateja. Karakana akaifunga, randa akaiacha juu ya meza, kila wiki akawa anakwenda kuipaka mafuta.

"Ya nini tena?" mkewe alimuuliza.

"Isishike kutu."

"Na wewe nikupake?"

Shida ni kwamba makabati yale yaliyumba, naye hakuweza kuliaga kabati linaloyumba. Akaanza kubeba vipande viwili vya mbao alivyovipiga randa mwenyewe, akavipigilia mgongoni mwa kila kabati bila kumwambia mtu. Ndio useremala pekee aliobakiwa nao.

Siri ilitobolewa na nesi mmoja aliyefika dukani.

"Nataka kabati, na aliunganishe yule mzee. La dada yangu aliliunganisha yeye, akalipigilia vipande vya mbao mgongoni, watoto wanalipanda kama ngazi. La jirani limeshamwangukia paka."

"Masikini! Paka amekufa?" tajiri aliuliza.

"Paka mzima. Marehemu ni kabati."

Nesi akasema atasubiri zamu ya mzee. Tajiri akamwita Mzee Kona.

"Shikamoo, mzee wangu. Hivyo vipande, nani alikutuma?"

"Marahaba. Hakuna."

Mzee Kona alishaichukua kofia yake, akijua kibarua kimeota nyasi.

"Kaa, mzee! Kumbe wateja wanavitaka. Tutaviuza pamoja na kabati."

Jioni ile karakana ilifunguliwa. Mkewe aliposikia randa ikikwangua, alizima redio.

Kabla mbao hazijaisha, tajiri alimsukumia boksi dogo. "Usijichoshe tena, mzee wangu. Vimefika." Ndani mlikuwa na vipande kama vyake, vimelainishwa, vimetobolewa tayari, vimetoka ng'ambo, kwa bei isiyofikia hata ya misumari yake. Mzee Kona alipitisha kidole gumba kwenye kona. Akarudia. Hakuona kasoro, na hilo ndilo lililomchosha.

Kwa nesi alivifunga vipande hivyo kwa skrubu zilizokuja navyo. Nesi akalisukuma kabati kwa bega, halikutikisika.

"Mkono wa mzee huo!"

"Asante, mama," alijibu, akainama kuokota boksi tupu.